Pikapu inamisi baada ya ovaholi ya nyumbani: uanze na kipimo kipi?

Injini iliyochakaa ikianza kumisi, yaani silinda fulani kukosa kuwaka, fundi hutafuta kilicholika. Injini iliyotoka kufungwa uani wiki iliyopita ni kesi nyingine. Plagi ni mpya, ringi ni mpya, gasketi ni mpya, kwa hiyo mshukiwa wa kwanza ni mkono uliozifunga. Hilo hubadilisha mpangilio mzima wa vipimo, na ndiyo maana ushauri wa "badilisha plagi kwanza" hauna maana hapa.

Hapa tunalinganisha njia tano: kukata silinda moja moja, taa ya taimingi, geji ya vakyumu, geji ya kompresheni na kipimo cha kuvuja upepo. Injini ya mfano ni Toyota 22R ya kabureta na ndugu yake wa injekta, 22R-E, za Hilux za miaka ya 1980 hadi katikati ya miaka ya 1990. Ni silinda nne, cc 2,366, bloku ya chuma, silinda hedi ya aluminiamu, na kemshafti moja ya juu inayozungushwa na cheni. Mwenye injini nyingine afuate mantiki ileile, ila namba achukue za injini yake.

Kabla ya yote, skana ya kukodi iache. 22R-E ina kompyuta, lakini ni ya zama za kabla ya OBD-II, mfumo wa kusoma hitilafu kwa skana uliokuwa wa lazima Marekani kuanzia magari ya mwaka 1996. Ukiunga matundu ya TE1 na E1 kwenye kiboksi cha kukagulia, taa ya injini itapepesa namba ya sensa yenye hitilafu, basi. Hakuna namba itakayokwambia "silinda ya tatu inamisi". Kwenye kabureta hata hiyo taa haipo.

Kukata silinda moja moja

Hiki ni kipimo cha bure na ndicho cha kuanza nacho, kwa sababu kinajibu swali ambalo bila jibu lake vingine vyote ni kubahatisha: ni silinda ipi? Injini ikiwa kwenye sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyaga mafuta, unazima silinda moja na kusikiliza. Silinda nzima ikizimwa, mzunguko hushuka na injini hutetemeka zaidi. Iliyokufa ukiizima, hakuna kinachobadilika.

Kwenye 22R-E chomoa soketi ya injekta, siyo waya wa plagi. Hakuna shoti, na petroli isiyoungua haiendi kwenye ekzosi. Kwenye kabureta huna budi kuchomoa waya wa plagi, lakini usiuache ukining'inia hewani. Zima injini, chomoa, uunge kwenye ethi ya bloku, ndipo uwashe. Moto wa koili usipopata njia ya kwenda ardhini hutafuta nyingine, na mara nyingi njia hiyo hupita kwenye kepu ya distributa au huua ignaita, kifaa cha umeme kinachoamuru koili.

Ukishaipata silinda, hamisha vitu. Plagi ya silinda ya 3 iende ya 1, waya vilevile kama urefu unaruhusu. Ugonjwa ukihama na plagi, umemaliza kazi bila kununua kifaa. Ikague plagi hiyo kwenye jua: kauri nyeupe ikiwa na mstari mwembamba mweusi kutoka juu hadi kwenye nati, ina ufa, na ufa hutokana na soketi iliyopinda wakati wa kukaza. Pengo la plagi ni milimita 0.8. Waya mmoja wa plagi usizidi kilo-omu 25 ukiupima kwa mita.

Zikifa silinda mbili, namba zake zinazungumza. Mpangilio wa moto ni 1-3-4-2. Zilizokufa zikiwa 1 na 3, au 2 na 4, au 1 na 4, gasketi iliyopasuka kati ya silinda mbili haiwezi kuwa sababu, kwa kuwa silinda hizo hazipakani kwenye bloku. Rudi kwenye kepu, nyaya mbili zimebadilishana. Zikiwa 1 na 2, 2 na 3, au 3 na 4, nyaya bado ni washukiwa, lakini gasketi imeingia kwenye orodha na utahitaji geji ya kompresheni. Ili usikosee nyaya, fungua kepu, mwenzako apige stata, uone rota inazunguka upande gani. Panga 1-3-4-2 kufuata upande huo, kuanzia pale rota inapoelekea pistoni ya kwanza ikiwa juu kwenye mgandamizo.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba inakwambia nani, haikwambii kwa nini. Tena, kama silinda zote nne ni dhaifu kwa kiasi kilekile, haitakuonyesha chochote.

Taa ya taimingi

Watu wengi huanza na hii, taa inayomulika alama ya puli kila moto unapopigwa. Inafaa, lakini kwenye 22R ina mtego ambao hata mafundi wazoefu hunasa.

Distributa ya injini hii huzungushwa na gia iliyo mbele ya kemshafti, siyo na krenki moja kwa moja. Kwa hiyo cheni ikifungwa jino moja pembeni, distributa nayo inakaa pembeni, na wewe ukiigeuza kwa mkono unairudisha alama mahali pake. Taa inaonyesha digrii 5 kabla ya pistoni kufika juu, safi kabisa, huku valvu zikifunguka wakati usio wake. Taa ya taimingi hupima moto. Haipimi kemshafti, na injini ikiwa dhaifu na kumisi licha ya taa kusema kila kitu ni sawa, cheni ndiyo ya kufikiriwa.

Kwenye 22R-E digrii 5 kabla ya juu husomwa TE1 na E1 zikiwa zimeungwa. Usipounga, kompyuta inajiongezea digrii zake, wewe unaona namba kubwa, unairudisha nyuma hadi 5, na gari linakuwa zito lenye ekzosi ya moto. Kosa hili peke yake limewafanya wengi wafungue injini mara ya pili bure.

Taa ina kazi nyingine ambayo haitumiwi inavyostahili: bana kishikio chake kwenye waya wa kila silinda kwa zamu. Mwanga ukipepesa kwa mpigo sawa, moto unafika. Ukiruka mapigo, tatizo la silinda hiyo ni la umeme, acha kufikiria ringi.

Kuhusu distributa iliyogeuzwa nusu mzunguko: hiyo haimisi, haiwaki kabisa. Inakohoa na kurudisha moto kupitia kabureta au bomba la hewa. Toa plagi ya kwanza, ziba tundu kwa kidole, zungusha puli ya krenki kwa spana. Upepo ukisukuma kidole na alama ya puli ikafika sifuri, rota lazima ielekee waya wa silinda ya 1. Kumbuka meno ya gia yamekatwa kwa mshazari, kwa hiyo rota hugeuka kidogo distributa inapozama. Anza kuiingiza ikiwa nyuma ya pale unapotaka itue.

Geji ya vakyumu

Ni kifaa cha bei ndogo kinachopima injini inavyovuta hewa, kinaungwa kwenye mpira mmoja wa manifoldi (bomba linalogawa hewa kwa silinda), na kinaona injini nzima kwa sekunde kumi. Udhaifu wake ni kwamba kinataka jicho lililozoea. Mwanzo utaona sindano ikicheza na hutajua inasema nini.

Pwani, Dar es Salaam au Mombasa, injini nzima kwenye sailensa husoma inchi 17 hadi 21 za zebaki na sindano hutulia. Kila ukipanda kama mita 300 kutoka usawa wa bahari, toa inchi moja. Arusha, yenye mita 1,400 hivi, inchi 13 hadi 16 ni afya njema. Nairobi na Mbeya, mita 1,700 hadi 1,800, hesabu 12 hadi 15. Vitabu vya geji havikuandikwa kwa ajili ya nyanda za juu, na wapo waliobadilisha gasketi ya manifoldi kwa kusoma 14 Nairobi.

Sindano ikisimama imara lakini chini ya kiwango kwa inchi tatu nne, moto umechelewa au kemshafti iko jino moja pembeni. Ikianguka kwa mpigo, tik, tik, tik, inchi mbili tatu kila mara na kurudi, valvu moja haifungi. Ikiwa chini mno, inchi 5 hadi 8, kuna mlango wa hewa uliosahaulika. Na ukishikilia mzunguko wa 2,500 kwa dakika sindano ikazidi kuteremka polepole, ekzosi imeziba.

Kwenye 22R-E kuna kipimo cha hewa kisichohitaji hata geji. Hewa ya injini hii hupimwa na mita yenye kibao kabla ya throto, kwa hiyo hewa yoyote inayoingia baada ya mita haihesabiwi, na petroli inakuwa pungufu. Injini ikiwa sailensa, fungua kifuniko cha kujazia oili. Injini nzima itayumba au kutaka kuzima. Isipobadilika hata kidogo, tayari ina tundu kubwa mahali pengine. Kagua mpira mnene kati ya mita na throto (hupasuka chini ya mikunjo, pasipoonekana), dipstiki isiyokaa vizuri, mipira midogo ya injekta iliyofungwa bila kulainishwa ikajikunja, na gasketi ya manifoldi. Nyunyizia maji kwa chupa ya kupulizia kwenye viungo. Mlio ukibadilika, umepata. Watu hutumia petroli au dawa ya kusafishia kabureta kwa kazi hiyo, lakini ekzosi iko palepale chini, na ni moto.

Ukiwa hapo, tazama nyaya za ethi za kompyuta zilizofungwa kwenye manifoldi ya hewa. Ni vijibolti vidogo na husahaulika wakati wa kufunga. Bila hizo injini humisi bila mpangilio wowote, na hakuna geji itakayokuonyesha.

Geji ya kompresheni

Hii hupima mgandamizo wa kila silinda. Nunua ya mpira wenye nyuzi za kufunga kwenye tundu la plagi, siyo ile ya kukandamiza kwa mkono. Ya kukandamiza huvuja, na kwenye injini mpya kuvuja kwa geji utakuchukulia kuwa ni kuvuja kwa injini.

Injini iwe ya moto, plagi zote nne nje, throto wazi kabisa, soketi ya distributa imechomolewa ili kusiwe na moto wala petroli. Betri ijae, kwa sababu namba za kiwanda ni za mzunguko wa 250 kwa dakika na stata iliyochoka haifiki. Piga mapigo matano au sita kwa kila silinda, idadi sawa kwa zote.

Kiwango cha 22R-E ni psi (paundi kwa inchi ya mraba) 171, mwisho wa chini ni 142, na tofauti kati ya silinda isizidi 14. Namba ya mwisho ndiyo muhimu kwako. Silinda zote zikisoma 145, gari litakuwa zito kidogo lakini halitamisi kwa sababu hiyo. Nyingine 165 na moja 110, itamisi.

Mwinuko unaingia hapa pia. Hewa ya Nairobi au Mbeya ina kama asilimia 82 ya shinikizo la pwani, kwa hiyo injini inayosoma 171 Tanga itasoma karibu 140 huko juu. Haijaharibika. Na ringi mpya zisizokaa bado husoma chini kwa kilomita mia kadhaa za mwanzo. Mtu wa Mbeya aliyefunga injini jana akasoma 130 zote nne asifungue kitu.

Mfano wa namba. Umesoma 168, 170, 95, 166. Mwaga kijiko kimoja cha chai cha oili kwenye silinda ya 3, zungusha kidogo, pima tena. Ikipanda hadi 150, ringi: zimevunjika wakati wa kuingiza, zimegeuzwa juu chini, au silinda haikuhoniwa (kukwaruzwa ili ringi zikae). Ikibaki 97, valvu. Usizidishe oili, maana ikijaa nafasi ya juu ya pistoni namba itapanda hata kama ringi ni nzima. Umesoma 167, 169, 60, 62? Hapo gasketi kati ya 3 na 4 imepasuka, na oili haitabadilisha chochote.

Kabla ya kulaumu valvu, pima tapeti, yaani nafasi kati ya roka (mkono unaosukuma valvu) na mkia wa valvu. Hapa ndipo ovaholi nyingi za nyumbani zinapokwama. Siti zikisagwa, valvu hukaa ndani zaidi na mkia wake huchomoza juu zaidi, basi nafasi ya tapeti inapungua. Ukiiacha ilivyokuwa, injini ikipata moto valvu haifungi sawasawa. Dalili yake ni ya pekee: asubuhi injini inanguruma vizuri, baada ya dakika ishirini inaanza kumisi kwenye sailensa. Nafasi, injini ikiwa moto, ni milimita 0.20 za kuingiza na 0.30 za kutoa. Silinda ya 1 ikiwa juu kwenye mgandamizo, panga zote mbili za 1, ya kuingiza ya 2 na ya kutoa ya 3. Zungusha krenki mzunguko mmoja kamili, panga ya kutoa ya 2, ya kuingiza ya 3, na zote mbili za 4. Pima kompresheni tena.

Jambo jingine la 22R: shafti za roka hubanwa na bolti zilezile za silinda hedi. Aliyefungua roka baada ya kukaza hedi, labda kubadilisha kitu kidogo tu, amelegeza gasketi yote. Kukaza tena kwa niutoni-mita 78 huenda kukasaidia au kusisaidie. Gasketi iliyokwisha kupata moto halafu ikalegezwa ni ya kubadilishwa.

Kipimo cha kuvuja upepo

Geji ya kompresheni inasema silinda ya 3 inavuja. Hiki kinasema inavujia wapi. Pistoni ikiwa juu kabisa kwenye mgandamizo, unaingiza upepo wa psi 100 kupitia tundu la plagi na kusoma asilimia inayopotea. Chini ya 10 ni nzuri sana, hadi 20 inakubalika, ikipita 30 kuna kazi. Kisha sikiliza. Mluzi kwenye throto ni valvu ya kuingiza. Kwenye bomba la ekzosi, valvu ya kutoa. Kwenye tundu la oili, ringi. Mapovu kwenye rejeta, gasketi au ufa. Upepo ukitokea tundu la plagi ya jirani, gasketi.

Kifaa kamili ni ghali na kinahitaji kompresa, lakini kuna njia ya mkato. Chukua mpira wa geji ya kompresheni, toa kijivalvu cha ndani kilicho mwishoni, funga kichwa cha kujazia upepo, na umwombe fundi pancha upepo wa psi 60 hadi 80. Asilimia hutapata, sauti utasikia. Rudisha kijivalvu baadaye, la sivyo siku ukipima kompresheni geji itarukaruka na kurudi sifuri. Pistoni ikiwa pembeni kidogo tu ya juu, upepo utaisukuma na krenki itazunguka ghafla. Weka gia ya nne, vuta breki ya mkono, na usiache spana kwenye puli.

Kwa pamoja

| Kipimo | Kinajibu | Kinachokipita | Muda |
|---|---|---|---|
| Kukata silinda | Ni ipi? | Sababu | Dakika 10 |
| Taa ya taimingi | Moto unafika, na saa ngapi? | Cheni iliyoruka jino | Dakika 15 |
| Vakyumu | Hewa, valvu, kemshafti | Silinda gani | Dakika 5 |
| Kompresheni | Silinda gani haibani | Inavujia wapi | Dakika 40 |
| Kuvuja upepo | Inavujia wapi | Umeme na petroli | Saa 1 na zaidi |

Uchaguzi ufuate tabia ya gari. Inamisi sailensa tu, ukikanyaga inatulia: vakyumu na kifuniko cha oili. Sailensa nzuri lakini ikibeba mzigo mlimani inakatakata: plagi, nyaya na kepu, kisha chujio la petroli, na geji ya kompresheni iache kwanza. Inamisi ikipata moto: fila geji (vibati vya kupimia nafasi) kwenye tapeti. Inamisi muda wote silinda ileile: hamisha plagi, kisha kompresheni siku hiyohiyo. Inawaka vizuri, haimisi waziwazi, ila haina nguvu na silinda zote ziko chini kwa usawa: cheni. Fungua kava ya tapeti, weka puli sifuri silinda ya 1 ikiwa kwenye mgandamizo, na utazame pini ya mbele ya kemshafti. Lazima iwe juu kabisa, saa sita kamili. Usitafute viungo vinavyong'aa vya cheni. Hivyo hulingana na alama siku ya kufunga tu, na injini ikishazunguka huvikuta popote.

Mwenye fedha ya kifaa kimoja anunue geji ya kompresheni. Vakyumu ni rahisi zaidi na mafundi wa kabureta huipenda, lakini aliyefunga injini yake ya kwanza anahitaji namba nne za kuandika kwenye karatasi, siyo sindano ya kutafsiri. Taa ya taimingi huazimwa, upepo hupatikana kwa fundi pancha. Fila geji sidhani kama tunaijadili: kama huna, tapeti ulizipangaje?